Tumbo Tupu Kabla ya Mazoezi: Misuli Inafaidika?

Wasomaji wengi wametuuliza kama ni vizuri kufanya mazoezi kabla ya kula. Mtaalamu wetu wa lishe ya wanamichezo anajibu.

Wakimbiaji wa Iten hutoka alfajiri bila kutia kitu tumboni. Kwa nini nisiwaige?

Waige, ila uanzie jioni iliyotangulia. Utafiti kuhusu chakula cha wakimbiaji mahiri wa Kenya, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitokana na wanga: ugali, wali, viazi, mkate, na chai ya maziwa yenye sukari. Mtu aliyelala ameshiba ugali huamka tumbo likiwa tupu, lakini misuli yake bado ina akiba. Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Usiku kucha ini hutoa sukari yake ili kuulisha ubongo, kwa hiyo akiba ya ini hupungua sana. Glikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa ndani ya misuli ya mapaja, hubaki karibu kama ilivyokuwa ulipopanda kitandani. Na mkimbiaji huyo akirudi, hakai na njaa hadi mchana. Chai na mkate hufuata mara moja.

Basi kukimbia kabla ya kula kunabadili nini?

Usipokula, insulini hukaa chini na mwili huchoma mafuta zaidi. Glikojeni ya misuli nayo ikipungua, chembe za misuli hupokea ishara ya upungufu wa nishati, na ishara hiyo huzichochea kutengeneza mitokondria zaidi, yaani vile viwanda vidogo vinavyogeuza chakula kuwa nguvu.

Mwaka 2005 watafiti wa Copenhagen walifanya jaribio ambalo bado linazungumzwa. Wanaume saba wasio wanamichezo walifanyisha mazoezi miguu yao miwili kwa wiki kumi, jumla ya kazi ikiwa sawa. Mguu mmoja ulifanya mazoezi kila siku. Mwingine ulifanya mara mbili kwa siku, kisha ukapumzika siku iliyofuata, hivyo awamu ya pili ilianza akiba ikiwa imepungua. Mwishoni, mguu huo wa pili ulistahimili kazi kwa muda mrefu zaidi kwa mbali.

Matokeo hayo yaliwapa watu matumaini makubwa mno. Mwaka 2008, watafiti wa Australia walijaribu mpango wa namna hiyo kwa waendesha baiskeli waliozoea mazoezi. Misuli yao ilibadilika zaidi, lakini uwezo wao ulipanda sawa na wa wenzao waliofanya mazoezi wakiwa na akiba kamili. Sababu mojawapo ni wazi: akiba ilipokuwa ndogo, walishindwa kusukuma pedali kwa nguvu zilezile. Mazoezi makali hufundisha misuli kwa sababu ni makali. Ukiyafanya kivivu kwa sababu ya njaa, umejipunja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: mbio nyepesi za asubuhi, zisizozidi saa moja, unaweza kuzikimbia bila kula, mara moja au mbili kwa wiki. Siku ya mbio za kasi au za masafa marefu, kula kwanza.

Nile nini siku hiyo?

Wanga usiokaa sana tumboni, gramu moja hivi kwa kila kilo ya uzito wako, saa moja hadi mbili kabla ya kuanza. Mtu wa kilo 60 atatosheka na ndizi mbivu mbili na kikombe cha uji wenye sukari. Maharage na chapati za mafuta ziache hadi urudi.

Mimi ni mtu wa kunyanyua vyuma. Nisipokunywa protini kabla, jasho langu limepotea?

La. Kinachojenga misuli ni mazoezi yenyewe pamoja na jumla ya protini ya siku nzima. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2018 ulionyesha kwamba faida hukoma kuongezeka karibu na gramu 1.6 kwa kilo ya uzito. Kama mchana umekula samaki, jioni mwili bado una malighafi. Ukinyanyua kabla ya kifungua kinywa, basi ukimaliza tu kula mayai matatu na glasi ya maziwa: hapo umepata gramu 25 hivi. Makopo ya unga wa protini si lazima.

Na mwezi wa Ramadhani?

Mazoezi mepesi yafanye karibu na kufuturu. Mazito yasubiri futari itulie. Daku usiiache.

Nani asijaribu kabisa?

Mwenye kisukari anayetumia insulini, mjamzito, na kijana anayekua. Ninalosisitiza zaidi ni kuhusu wasichana. Mkimbiaji asiyekula vya kutosha wiki baada ya wiki, mwili wake huacha kujenga misuli, mifupa hudhoofika, na hedhi hukatika. Makocha, msimsifu msichana wa namna hiyo kwa wepesi wake. Akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo, mpunguzieni mazoezi, mwongezeeni chakula, na mpelekeni hospitali.