SOMO LA AFYA: Damu ya Mtoto na Askari wa Mama Yake

Jioni moja baba na mama walikuja kwangu na mtoto wa miezi miwili. Mama anaishi na virusi vya UKIMWI na anameza dawa. Mahali fulani mtoto alichomwa, vikatokea vistari viwili. Baba akasema, “Mchungaji, huyu amekwisha. Tuombee tu.” Nikaomba. Kisha nikauliza: amepimwa kwa kipimo gani?

Kile kipimo cha vistari hakitafuti virusi. Kinatafuta askari ambao mwili huwatengeneza ili kupigana na virusi. Askari wa mama huingia kwa mtoto angali tumboni, nao huweza kukaa katika damu yake hadi miezi 18. Kwa hiyo vistari viwili kwa mtoto mchanga vinaeleza habari za mama. Za mtoto bado.

Kipimo chake huitwa PCR, nacho hutafuta virusi vyenyewe. Hufanywa mtoto akiwa na wiki 4 hadi 6. Aliyechelewa apelekwe hivyo hivyo. Muuguzi humchoma kisigino, matone machache ya damu hukaushwa kwenye karatasi maalumu, na karatasi hupelekwa maabara, hata iliyo mbali. Shida yetu wakimbizi ni kuhamahama: majibu yanarudi, mwenyewe hayupo. Mama, ukihama waage watu wa kliniki, na kadi ya mtoto uitunze kama kadi ya chakula.

Msichelewe. Watoto walioambukizwa wasipopata dawa, karibu nusu yao hufa kabla ya miaka 2. Virusi vikionekana, dawa huanza mara moja, na damu huchukuliwa tena kuhakikisha.

Visipoonekana, safari haijaisha, maana mtoto anayenyonya bado anaweza kuambukizwa. Atapimwa tena, na kipimo cha mwisho ni akiwa na miezi 18, au miezi 3 baada ya kuacha kunyonya ikiwa aliendelea zaidi. Mama asimwachishe ziwa kwa hofu bila kuongea na muuguzi. Ameze dawa zake kila siku, maana ndizo zinazopunguza virusi hata katika maziwa.

Asubuhi tulikwenda kliniki sote. Mtoto alilia kidogo alipochomwa kisigino. Baba ndiye aliyembeba.