Mada ya lishe: Upasuaji wa kupunguza uzito, bakteria wa utumbo na ufyonzwaji wa virutubishi

Mtahiniwa, sehemu hii inakuandaa kwa swali la matumizi. Swali la namna hiyo halikutaki utaje sehemu za mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Linakupa mgonjwa ambaye njia ya chakula chake imebadilishwa, kisha linauliza atapungukiwa na nini na kwa nini. Aliyekariri mchoro tu hukwama hapo. Anayejua kazi ya kila sehemu hupata alama zake bila hata kuwahi kusikia jina la upasuaji huo.

Anza na kipimo cha uwiano wa uzito na urefu. Gawanya uzito kwa kilo kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye kilo 120 na urefu wa mita 1.60 ana 120 ÷ 2.56, yaani 46.9. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Kwa miaka mingi mwongozo uliotumika na madaktari ulikuwa kufikiria upasuaji kwa mtu mwenye 40 na zaidi, au 35 kama tayari ana ugonjwa unaotokana na unene, kwa mfano kisukari cha aina ya pili. Usisahau kuzidisha urefu kwa wenyewe. Ni kosa dogo linaloharibu hesabu nzima.

Aina za upasuaji

Upasuaji mwepesi kuliko yote ni wa kufunga pete ya silikoni sehemu ya juu ya tumbo. Mtu hushiba upesi, lakini chakula kinapita njia ileile ya zamani. Hapa ufyonzwaji haubadiliki. Upungufu ukitokea, ni kwa sababu mgonjwa anakula kidogo au anatapika mara kwa mara.

Wa pili ni kukata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo, takriban robo tatu au zaidi, likabaki jembamba kama ndizi. Utumbo hauguswi. Ila angalia kilichoondoka pamoja na nyama ile: seli nyingi zinazotoa asidi haidrokloriki, na sehemu inayotoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini. Ndiyo maana mgonjwa hali kidogo tu, bali pia haoni njaa kama zamani.

Wa tatu tutauita wa mchepuko. (Darasani neno hili huleta vicheko, hapa lina maana ya barabara inayozunguka mji.) Ulianzishwa na Edward Mason na Chikashi Ito katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966, baada ya kuonekana kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya tumbo walibaki wembamba. Kwa namna unavyofanywa leo, daktari hutenga kifuko kidogo juu ya tumbo, chenye ujazo wa takriban mililita 30, kisha hukiunganisha moja kwa moja na jejunamu. Tumbo lililobaki, duodeni na mwanzo wa jejunamu havitolewi mwilini. Vinaendelea kutoa asidi, nyongo na vimeng'enya vya kongosho, ila chakula hakipiti humo. Majimaji hayo hukutana na chakula mbele zaidi.

Wa nne ni mkali zaidi, na uliasisiwa na Nicola Scopinaro wa Italia katika miaka ya 1970. Chakula na nyongo hukutana kwenye sentimita 50 tu za mwisho za utumbo mwembamba. Ukikumbuka kwamba mafuta hayasagwi vizuri bila nyongo na lipasi, utatabiri mwenyewe: mafuta mengi hayafyonzwi, hutoka na kinyesi, na vitamini A, D, E na K zinazoyeyuka katika mafuta huondoka nayo.

Kila kirutubishi na mahali pake

Madini ya chuma hufyonzwa zaidi katika duodeni na mwanzo wa jejunamu. Chuma kilichomo kwenye mchicha na maharage kinahitaji pia asidi ya tumbo ili kigeuzwe kuwa katika hali inayofyonzeka. Aliyefanyiwa mchepuko amepoteza yote mawili kwa pamoja: asidi ni kidogo na duodeni imerukwa. Matokeo ni upungufu wa damu, hasa kwa mwanamke anayepata hedhi. Chai anayokunywa pamoja na chakula huongeza tatizo, maana hukishika chuma kisifyonzwe.

Kalsiamu nayo hutegemea duodeni na vitamini D. Ikipungua katika damu, mwili hauiachi ishuke. Tezi za parathairoidi hutoa homoni inayotoa kalsiamu mifupani. Hivyo kipimo cha damu kinaweza kuonekana kizuri huku mifupa ikidhoofika.

Sasa njoo kwenye mtego. Vitamini B12 hufyonzwa mwisho wa ileamu. Mchepuko haugusi ileamu. Mbona wagonjwa wa mchepuko hupungukiwa na B12? Wanafunzi wengi hujibu "kwa sababu ileamu imerukwa", na hapo hawapati kitu. Jibu liko tumboni. Asidi na pepsini huitenga B12 na protini ya nyama, samaki au mayai. Kisha kuna protini maalumu inayotolewa na seli za ukuta wa tumbo, zilezile zinazotoa asidi, ambayo huishika B12 na kuifikisha ileamu. Bila protini hiyo, ileamu nzima na yenye afya haiwezi kuipokea. Chakula kisipopita kwenye tumbo kubwa, mshikano huo haufanyiki inavyotakiwa.

Ongeza jambo la muda, maana hapa ndipo watu huumia. Ini huhifadhi B12 ya kutosha miaka kadhaa. Mgonjwa anaweza kupungua uzito, akajiona mzima, akaacha vidonge, kisha baada ya miaka miwili au mitatu akaanza kuhisi ganzi miguuni. Uharibifu wa neva ukichelewa kutibiwa unaweza usirudi nyuma. Na akitumia asidi ya foliki peke yake, upungufu wa damu unaweza kupona huku neva zikiendelea kuharibika. Vitamini B1 ni kinyume chake: akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu, kwa hiyo anayetapika sana mara baada ya upasuaji anaweza kupata madhara ya ubongo mapema.

Bakteria nao

Utumbo mpana una bakteria wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili. Huvunja nyuzinyuzi tusizoweza kusaga na kutengeneza asidi fupi za mafuta zinazolisha seli za utumbo. Hutengeneza pia vitamini K. Wapo wanaotengeneza B12, lakini usije ukaandika kwamba hiyo inatosha: hutengenezwa baada ya ileamu, mahali pa kuifyonza pakiwa pameshapitwa.

Baada ya mchepuko mazingira yao hubadilika. Asidi inayoua vijidudu imepungua, nyongo inapita njia tofauti, na chakula kinafika mbele kikiwa hakijasagwa vizuri. Uchunguzi umeonyesha mara kwa mara kwamba bakteria wa kundi la Escherichia coli na jamaa zake huongezeka. Kwa tumbo lililokatwa kama ndizi mabadiliko kwa kawaida ni madogo zaidi, maana njia ni ileile. Kwa pete ni madogo sana.

Je, bakteria hao ni matokeo tu ya kupungua uzito, au nao wanachangia? Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio safi la kujifunzia. Walichukua bakteria wa panya waliofanyiwa mchepuko wakawapandikiza kwa panya waliolelewa bila bakteria wowote. Panya hao walipungua uzito, ingawa hawakupasuliwa. Waliopewa bakteria wa panya waliofanyiwa upasuaji wa kuigiza hawakupungua hivyo. Kundi hili la pili ndilo kundi linganishi. Ukiulizwa kazi yake, eleza kwamba linaondoa shaka kuwa kisu chenyewe au kupandikiza kwenyewe ndiko kulikoleta tofauti. Kumbuka pia kwamba ni panya, si watu.

Bakteria wanaweza pia kudhuru. Kati ya miaka ya 1950 na 1970 palikuwa na upasuaji ulioacha takriban sentimita 45 tu za utumbo mwembamba zikipitisha chakula, sehemu kubwa iliyobaki ikawa kama kichochoro kisichopitika. Bakteria walizaliana humo. Bakteria wakizidi ndani ya utumbo mwembamba hula B12 kabla mwili haujaipata na huharibu chumvi za nyongo, hivyo mafuta hayafyonzwi. Wagonjwa wengine wa upasuaji ule walipata kushindwa kwa ini, na ukaachwa.

Jipime

1. Mgonjwa alifanyiwa mchepuko miaka mitatu iliyopita na hakutumia vidonge alivyoagizwa. Ana uchovu, ngozi ya ndani ya kope imepauka na miguu inakufa ganzi. Taja virutubishi viwili anavyoelekea kupungukiwa, na kwa kila kimoja eleza sehemu ya mfumo wa mmeng'enyo inayohusika. (alama 6)

2. Kwa nini mgonjwa huyu huweza kupewa B12 kwa sindano badala ya kuambiwa ale maini zaidi? (alama 2)

3. Mgonjwa wa pete na mgonjwa wa upasuaji wa Scopinaro wamekula chakula kilekile chenye mafuta. Kinyesi cha nani kitakuwa na mafuta mengi zaidi? Toa sababu mbili. (alama 3)

Katika swali la 1, "chuma – duodeni" bila maelezo ni nusu ya jibu. Taja na asidi. Katika swali la 2, neno linalotafutwa ni kwamba sindano huipeleka B12 kwenye damu bila kupitia tumbo wala ileamu.