Daftari la Sala kwa Njia ya Askofu Andrewes

Wengi tunaosali peke yetu tuna shida moja: dakika tatu hazijaisha, maneno yamekwisha. Tumeomba afya, tumeomba kazi, tumewataja watoto, kisha tunarudia yale yale huku akili imeshakwenda sokoni. Tukilalamika, tunaambiwa tuongeze bidii. Sidhani kama kinachopungua ni bidii. Kinachopungua ni mpango, na Waanglikana wa Uingereza ya karne ya 17 walikuwa nao.

Lancelot Andrewes (1555–1626) alikuwa askofu wa Chichester, halafu Ely, halafu Winchester. Alihubiri mbele ya Mfalme James wa Kwanza, na aliongoza kundi mojawapo la wanazuoni waliotafsiri Biblia ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1611. Mtu kama huyo hakuwa na uhaba wa maneno. Hata hivyo, alipojifungia kusali hakuuachia ulimi wake kazi hiyo. Alikuwa na maandishi yake mwenyewe, kwa Kigiriki, Kilatini na Kiebrania, na sehemu kubwa ya yaliyomo aliyaokota kwingine: Zaburi, manabii, nyaraka za Paulo, liturujia za kale za Makanisa ya Mashariki. Askofu Buckeridge, aliyehubiri siku ya maziko yake, alisema kwamba kila siku Andrewes alitumia sehemu kubwa ya saa tano katika sala. Usitishike. Wewe anza na dakika ishirini.

Tafuta daftari dogo lenye jalada gumu, na kalamu. Simu iache chumba kingine, maana ujumbe wa kikundi cha harusi una tabia ya kuingia katikati ya toba. Ligawe daftari sehemu saba, kila siku ya juma na sehemu yake. Andrewes alizifuata siku za uumbaji katika sura ya kwanza ya Mwanzo: siku ya kwanza, Jumapili, anasifu kwa ajili ya nuru, Jumatatu kwa ajili ya anga, Jumanne nchi kavu, bahari na mimea, Jumatano jua, mwezi na nyota, Alhamisi samaki na ndege, Ijumaa wanyama na mwanadamu, Jumamosi ni pumziko. Faida yake utaiona upesi: kila asubuhi sifa zako zina pa kuanzia, na hapo ni kitu unachoweza kukiona ukifungua dirisha.

Ndani ya kila siku weka utaratibu mmoja usiobadilika. Kwanza toba, kisha kuomba neema, kukiri imani, kuwaombea wengine, na mwisho shukrani na sifa. Haja zako zitapata nafasi, lakini hazitatangulia.

Sasa kazi yenyewe, ambayo ni kuazima. Hapa ndipo watu wengi hukataa, kwa kuwa tumezoeshwa kuamini kwamba sala ya kweli ni ile inayobubujika papo hapo. Andrewes angeshangaa. Kwenye toba hakutafuta namna mpya ya kusema kwamba amekosa. Alichukua Zaburi ya 51, akamchukua mtoza ushuru wa Luka 18, akawaweka pamoja, akasimama nyuma yao. Fanya hivyo hivyo. Kila unaposoma Biblia au kitabu cha sala cha kanisa lako, sentensi inayokugusa inakili chini ya siku na sehemu inayoifaa. Usinakili sura nzima, mstari mmoja unatosha. Baada ya miezi michache daftari litakuwa na maneno yaliyokupata wewe hasa, ingawa hukuyatunga wewe.

Andika kwa mistari mifupi, neno au kifungu kimoja kila mstari. Ndivyo alivyofanya yeye, akipanga vifungu kimoja chini ya kingine. Kwenye aya ndefu macho huteleza yakafika mwisho kabla ya moyo kuanza, ila mstari wa maneno matatu unakulazimisha kusimama.

Kwenye maombezi, usikubali kuishia kwa jamaa zako. Andrewes aliwaombea wanadamu wote, Kanisa la Mashariki na la Magharibi, watawala, wakulima, wafanyabiashara, mafundi, mpaka ombaomba. Tena alizikumbuka shule zilizomfundisha, parokia alizozihudumia na majimbo aliyoyaongoza. Orodha hii ya mwisho ndiyo ninayokusihi uiige. Andika shule yako ya msingi, mwalimu aliyekufundisha kusoma, mtaa ulikopanga chumba cha kwanza, kila mahali ulipowahi kuajiriwa, hata pale ulipoondoka kwa ugomvi. Wagawe katika siku saba, wasikulemee.

Siku ya ugonjwa daftari hili linaweza kukushinda. Hapo mwazime John Donne, mkuu wa kanisa kuu la St Paul's, London. Mwishoni mwa mwaka 1623 aliugua karibu ya kufa, na mwaka 1624 akachapisha kitabu kilichofuata ugonjwa huo hatua 23. Kila hatua ina sehemu tatu: anaitazama hali yake ilivyo, anahojiana na Mungu, ndipo anaomba. Sehemu ya katikati usiiruke. Mgonjwa aliyenyimwa kuuliza maswali yake huomba kwa mdomo tu.

Je, kuna haja ya kuwa na maneno yaliyoandikwa wakati kanisa lipo na ibada zipo? Waulize Waingereza wa mwaka 1645. Bunge lilipiga marufuku Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza, hata majumbani: faini ya pauni 5 kwa kosa la kwanza, 10 kwa la pili, kifungo cha mwaka kwa la tatu. Katika miaka hiyo kasisi Jeremy Taylor, aliyekuwa amepata hifadhi Golden Grove huko Wales, aliandika mwongozo wa maisha matakatifu uliotoka mwaka 1650, ili Mkristo asiye na ibada aliyoizoea ajue la kufanya tangu kuamka hadi kulala. Kwake chukua jambo moja: sala fupifupi katikati ya kazi. Nyuma ya daftari andika sala kumi za sentensi moja moja, uzijue kwa moyo, uzitumie kwenye foleni na kwenye daladala.

Usimwonyeshe mtu daftari lako, wala usiliandike kana kwamba litasomwa. Ukijua kuna msomaji utaanza kupamba. La Andrewes halikuchapwa alipokuwa hai. Tafsiri ya Kiingereza ya Richard Drake ilitoka mwaka 1648, Andrewes akiwa kaburini miaka 22. Drake alisimulia kwamba nakala aliyoiona ilikuwa imechakaa kwa kushikwa na kuloa machozi. Nakala nyingine Andrewes alimpa rafiki yake William Laud muda mfupi kabla ya kufa. Nawe ukifika huko, mpe mtu mmoja unayemwamini, au lichome.