Mbwa wa Mjomba na Mlango wa Tahara

Darsa ya mara hii nimeitoa nyumbani kwetu Kashikishi, wilayani Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, ndiyo maana nyumbani tunasema Kiswahili ingawa sokoni ni Kibemba.

Mjomba wangu ana mbwa wa kulinda mbuzi, na paka wawili. Likizo ya mwaka juzi ilitangazwa chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sharti kwamba mwenye mbwa amshike mwenyewe. Mjomba akakataa. "Mpwa wangu, wewe ndiye unayesoma dini. Mate ya mbwa ni najisi nzito, na alasiri imekaribia." Sikuwa na jibu. Wiki chache baadaye mbwa mwingine wa mtaani, naye hakuchanjwa, akamng'ata mtoto wa miaka sita. Alhamdulillah, aliwahishwa kliniki, akamaliza sindano zote, yu hai. Dalili za ugonjwa huu zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Niliporudi chuoni nilifungua mlango wa tahara upya. Kwa Imam Shafi'i, mbwa ni najisi, na kilichoguswa na mate yake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa Imam Malik, mbwa aliye hai ni tohara. Lakini hata kwetu sisi Mashafi'i, kikavu kikigusa kikavu hakihamishi najisi. Basi mwenye kumshika mbwa mkavu kwa mkono mkavu hana cha kuosha. Akilowa, ataosha. Kuosha nguo si udhuru wa kumwacha mnyama augue.

Tena kumfuga kwa ajili ya mifugo, shamba au kuwinda Mtume (s.a.w.) amekuruhusu, na hadithi imo katika Bukhari na Muslim. Mafakihi wanaeleza katika mlango wa nafaka kwamba mwenye mnyama hulazimishwa kumlisha, au amuuze. Mimi naona chanjo inaingia humo humo. Yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka hakumpiga. Alimfungia tu bila chakula.

Mbwa huanza kuchanjwa akiwa na miezi mitatu hivi, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Visa vya binadamu, takriban 99 kwa 100, hutokana na mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, maambukizi hukatika.

Hapa pana jambo nililoliona kwa macho yangu: mtu aking'atwa, wapo wanaopaka udongo kwenye jeraha wakidhani wanatimiza sunna. Hapana! Jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kliniki siku hiyo hiyo. Mahanbali wanakubali sabuni badala ya udongo, na kauli kama hiyo imo pia kwa baadhi ya Mashafi'i. Na sheria yetu haitaki madhara.

Paka ni tohara, kwa hadithi ya Abu Qatada, lakini naye hupata kichaa, kwa hiyo achanjwe. Huku ziwani tunawatupia samaki wabichi kila siku. Baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na paka anayekula hao tu huishia kuyumba na kushikwa na degedege. Wachemshe, umchanganyie na chakula kingine. Matumbo ya samaki yafukieni. Dawa ya minyoo mpeni.

Likizo iliyopita nilimsomea mjomba haya yote. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na kamba ikilowa mate?" Nikamwambia, kamba tutaiosha mara saba, mjomba, mimi mwenyewe. Chanjo ilipokuja, alimshika mbwa wake mwenyewe, akarudi na kuniachia kamba mlangoni pamoja na ndoo.