Toroli la Bustani: Anza na Gurudumu

Januari ikielekea ukingoni, kazi ya mkulima wa bustani huhamia zizini. Mahindi ya vuli yamevunwa, yamebaki mabua, na samadi iliyolundikwa miezi yote hiyo inatakiwa shambani kabla masika hayajaanza mwezi Machi. Hapo ndipo wengi hukumbuka kwamba toroli la mwaka jana liko nyuma ya banda, gurudumu limelala upande. Wenye maduka ya zana wanalijua hilo. Matoroli mapya hupangwa mlangoni, mekundu na ya kijani, yanang'aa.

Rangi ndiyo inayouza. Mnunuzi hulizunguka toroli, hugonga beseni kwa kidole, huuliza bei, huomba apunguziwe. Gurudumu halitazamwi. Na bado ukipita kwa mafundi wa kuchomelea, matoroli yanayosubiri matibabu mengi ni mabovu kwa chini: bushi imelika, ekseli imepinda, mguu umeachia kwenye weldi. Beseni lenye tundu bado litabeba majani ya migomba. Gurudumu likikwama, hakuna kinachobebeka.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mkulima mwenye tani 5 za samadi, akipakia kilo 50 kila mara, ana safari 100. Kama zizi liko mita 80 kutoka kwenye matuta, kwenda na kurudi ni kilomita 16, nusu yake toroli likiwa limejaa. Umbali wote huo unatembelea kipande kimoja cha chuma kinachozunguka ndani ya kingine.

Mzigo nao hukaa zaidi kwenye ekseli kuliko mikononi mwa msukumaji. Chukua toroli ambalo ncha za mikono yake ziko sentimita 140 kutoka kwenye ekseli, na kitovu cha mzigo kiko sentimita 40 kutoka hapo. Ukipakia kilo 70, msukumaji ananyanyua 20. Zile 50 zinabebwa na gurudumu. Beseni likisogezwa nyuma hadi kitovu kiwe sentimita 60, msukumaji analemewa na kilo 30 kwa mzigo uleule. Ndiyo maana toroli ambalo beseni lake limeinamia mbele, karibu na tairi, huonekana jepesi hata kama kwenye mizani ni zito. Wachina wa zamani walilisukuma wazo hili hadi mwisho: toroli lao la jadi lina gurudumu kubwa katikati, mzigo ukapangwa pande zake, na mtu akabaki na kazi ya kusukuma na kulisawazisha tu.

Kwa hiyo dukani mnunuzi aanze kwa kulipindua toroli, beseni chini na gurudumu juu. Alizungushe kwa mkono na kusikiliza. Gurudumu lenye beringi nzuri huzunguka muda mrefu bila kelele. Lenye bushi ya kipande cha bomba husuasua na kusimama. Kisha alishike tairi na kulitikisa kushoto na kulia. Likicheza likiwa jipya, baada ya msimu mmoja litakuwa linapepesuka. Atafute pia chuchu ya kutilia grisi kwenye kitovu cha gurudumu. Ni kitu kidogo sana na matoroli ya bei ya chini hayana, lakini yaliyo nayo hupewa grisi mara moja kabla ya msimu na yakaendelea na kazi. Bushi si dhambi, mradi ibadilike. Isiyofaa ni ile iliyochomelewa moja kwa moja kwenye gurudumu, kwa sababu ikilika imekwenda na gurudumu zima.

Kuhusu tairi, ubishi ni kati ya la upepo na la mpira mtupu. La mpira mtupu halipati pancha, na kwa anayeishi kwenye migunga, kama Dodoma au Singida, hilo si jambo dogo. Lakini magurudumu mengi ya aina hiyo ni membamba. Kwenye uwanja wa saruji yanakwenda vizuri. Kwenye udongo uliolainishwa na mvua yanazama kama kisu kwenye mkate, na kila jiwe linapiga hadi kwenye viwiko. Kwa bustani inayolimwa, tairi pana la upepo linashinda, na fundi baiskeli yeyote ataziba tyubu yake. Ubavuni huandikwa ukubwa, mara nyingi 3.50-8 au 4.00-8: tarakimu ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Namba hiyo iandikwe mahali, maana ndiyo itakayoulizwa siku ya kutafuta spea. Mengi yameandikwa pia kiwango cha upepo, kwa kawaida kisichozidi PSI 30. Pampu ya baiskeli inatosha. Mashine ya upepo ya kituo cha mafuta, ikishikwa na kijana aliyezoea malori, inaweza kulipasua tairi la toroli kwa sekunde chache.

Likija suala la bati, namba za dukani huwachanganya watu, kwa sababu geji ikipanda unene unashuka. Geji 16 ni takriban milimita 1.6, geji 18 ni 1.2, geji 20 haifiki hata milimita moja. Anayebeba mawe na zege ana haki ya kudai 16. Mkulima wa mchicha na nyanya hana sababu ya kusukuma chuma hicho chote. Geji 18 yenye ukingo uliokunjwa kuzunguka waya itamtosha. Beseni la lita 65 likijazwa mchanga mbichi hukaribia kilo 120, lakini likijazwa samadi iliyooza na kukauka vizuri halifikii hata nusu ya uzito huo.

Samadi, hata hivyo, ina ubaya wake. Unyevu na amonia yake hula chuma, na mbolea za dukani kama urea na CAN hufanya vilevile, hasa toroli likilala nje na mabaki ndani. Beseni la plastiki haliogopi kutu. Linaogopa jua: likianikwa mwaka mzima hukauka na kupasuka, ingawa jeusi hustahimili zaidi kuliko la rangi nyingine.

Si lazima toroli litoke kiwandani. Kamukunji jijini Nairobi na Gerezani jijini Dar es Salaam kuna mafundi wanaopiga bati tangu asubuhi hadi jioni, na toroli la fundi lina faida moja kubwa: aliyelitengeneza yupo, na anaweza kuongeza mhimili kati ya miguu na fremu au kupunguza urefu wa mikono ukimwomba. Wapo wanaokata mapipa ya mafuta ya lita 200 kutengenezea beseni, na chuma chake si kibaya. Ila mnunuzi aulize pipa lilibeba nini kabla. Lililobeba kemikali lisiletwe kwenye mboga.

Kuna kosa lingine ambalo safu hii haichoki kulisema. Katika nyumba nyingi anayenunua toroli siye atakayelisukuma. Baba huchagua kwa kimo chake, kisha mama au kijana wa miaka kumi na mitano ndiye hushinda nalo shambani. Mikono ikiwa juu mno, mtu mfupi hulazimika kukunja viwiko ili miguu ya toroli inyanyuke, na mabega hayadumu. Msukumaji aende dukani. Apakiwe mfuko wa saruji, kilo 50, alinyanyue mikono ikiwa imenyooka, atembee nalo hatua kadhaa na kukata kona. Muuzaji anayekataa jaribio hilo ameshajibu swali.

Magurudumu mawili mbele yana wapenzi wake, na kwenye uwanja tambarare hayapinduki ovyo. Lakini kwenye vijia vya Lushoto vinavyokata matuta ya mteremko, au kati ya migomba na kahawa ya kihamba cha Kilimanjaro, gurudumu moja hupita palipo na nafasi ya nyayo mbili, na njia ikilala upande msukumaji hulisimamisha wima mwenyewe.

Mwenye toroli la zamani asikimbilie kulitupa. Kama fremu haijapasuka, gurudumu jipya na ekseli yake hulirudisha kazini kwa gharama ndogo kuliko la dukani. Na aliyenunua jipya achukue spana baada ya siku ya kwanza ya kusomba na kukaza nati zote upya, akianza na zile zinazoshika ekseli, kwa sababu mzigo wa kwanza huzilegeza.