Maziwa ya dukani yakiharibika si mtindi

Kule nyumbani, maziwa yakikaa siku moja au mbili kwenye kibuyu yanaganda, na yakiganda yananywewa. Mtindi, mala, ikivuguto: jina linategemea ulikotoka. Hapa Marekani, galoni ya maziwa ikianza kuchacha kwenye friji ni rahisi kufikiri ni jambo lilelile. Silo.

Kibuyu hubaki na bakteria wa kugandisha kutoka maziwa yaliyotangulia. Hao hula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Asidi ndiyo inayogandisha, na ndiyo inayozuia vijidudu vingi vibaya visistawi. Protini huivunja pia, lakini kidogo, kwa chakula chao tu.

Maziwa ya dukani yamepashwa moto kiwandani, mara nyingi kwa nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15. Moto huo huua vijidudu vya magonjwa, na pamoja navyo wale wagandishaji wengi. Wanaoingia baadaye ni bakteria wa aina nyingine wanaostahimili baridi ya friji. Hawa hutoa vimeng'enya vinavyokatakata protini mpaka maziwa yawe machungu na yenye mabonge. Kuyachemsha hakuyaokoi, kwa sababu baadhi ya vimeng'enya hivyo havifi kwa moto. Ukionja uchungu, mwaga. Najua, kumwaga maziwa kunauma.

Ukitaka mtindi, anza na maziwa mazima ambayo tarehe yake haijapita. Yapashe mpaka yakaribie kuchemka, kama nyuzi 180 za Fahrenheit, kisha yaache yapoe hadi 110. Changanya vijiko viwili vya mtindi wa dukani usio na sukari, ambao kopo lake limeandikwa "live and active cultures". Bila maneno hayo huenda bakteria wake wameshakufa, nawe utasubiri bure. Funika, zungushia blanketi, acha saa sita hadi nane, halafu weka kwenye friji, nyuzi 40 au chini. Chombo kiwe cha kioo au chuma, kimeoshwa kwa maji ya moto na sabuni.

Maziwa mabichi ya shambani ni hadithi nyingine. Yanaweza kuwa na listeria, bakteria anayeendelea kuzaliana hata ndani ya friji na anayeweza kuharibu mimba. Mama mjamzito asiyanywe, wala asile jibini laini iliyotengenezwa kwayo.