Picha Yake, Jina Lake: Somo la Vijana Kuhusu Wanawake Katika Picha za Zamani



Vijana wenzangu wa VIWAWA na TYCS, wa Bariadi mjini, Somanda, Dutwa, Nkololo na popote mlipo Simiyu, karibuni kwenye somo la wiki hii. Leo tunaangalia jinsi wanawake walivyochorwa na kupigwa picha miaka ya 1800 na mwanzoni mwa 1900. Usiseme hayo ni mambo ya makumbusho. Ukifika mwisho utaona tunaongelea simu iliyo mkononi mwako.

Somo: Mwanzo 16:1-14

Soma kwanza, usiruke. Umeona? Sarai na Abramu wanamjadili Hajiri, wanaamua maisha yake, lakini katika maneno yao hakuna hata mmoja anayemtaja kwa jina. Kwao ni mjakazi tu. Wa kwanza kumwita Hajiri ni malaika, tena anamuuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Ndipo yule mama anampa Mungu jina: Mungu anayemwona.

Kumbe mtu anaweza kuangaliwa kila siku na asionwe. Shikeni hilo, twende.

1. Waliochorwa bila kuulizwa

Mwaka 1814 mchoraji Mfaransa aitwaye Ingres alichora mwanamke uchi, amelala kwenye mito, eti ndivyo walivyo wanawake katika nyumba za masultani. Picha hiyo ni maarufu hadi leo. Lakini Ingres hakuwahi kufika huko Mashariki. Hata mgongo wa yule mwanamke aliuchora mrefu kupita wa binadamu, na watu wa wakati wake walimlaumu kwa hilo. Alichora alichotamani kukiona. Picha ile inatueleza habari za mchoraji kuliko za mwanamke.

Kamera ilipofika pwani yetu, jambo likawa hilohilo kwa njia nyingine. Zanzibar kulikuwa na studio, mojawapo ya A. C. Gomes, mpiga picha mwenye asili ya Goa. Picha zikachapwa kwenye kadi za posta, wasafiri wakanunua na kutuma kwao Ulaya. Kwenye kadi nyingi za aina hiyo mwanamke amesimama, amevaa kanga, anatazama kamera. Chini yake pameandikwa tu kwamba ni mwanamke wa Kiswahili, au mwanamke wa kabila fulani. Jina hamna.

Sasa angalieni kanga yenyewe. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Wanawake wengi waliotoka utumwani, waliozoea kuvaa kaniki au nguo duni, walijinunulia kanga ili kila mtu ajue kwamba sasa wao ni waungwana. Kwa hiyo yule mama huenda alikuwa anasema jambo kubwa kwa mavazi yake. Aliyeandika maneno chini ya picha hakuuliza. Akamfanya mfano wa bidhaa.

2. Aliyejieleza mwenyewe

Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alizaliwa Mtoni, Zanzibar, mwaka 1844. Wasichana walifundishwa kusoma, kuandika hapana. Yeye akajifundisha kwa siri, akiiga herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar, akabatizwa na kuolewa Aden mwaka 1867, akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Ipo picha yake aliyopigwa studio huko Hamburg akiwa amevaa mavazi ya kwao.

Wajerumani walimwangalia kama kioja kutoka kwenye zile picha za masultani. Mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake. Humo alieleza nyumba aliyokulia, mama yake, ndugu zake, sikukuu na misiba, na akawajibu Wazungu waliodhani wanamjua mwanamke wa Mashariki. Si lazima ukubaliane na kila alichoandika. Kuhusu utumwa, kwa mfano, alitetea mambo ambayo sisi hatuwezi kuyatetea. Lakini safari hii aliyekuwa akiangaliwa ndiye aliyeshika kalamu.

3. Hata sisi Wakatoliki

Tusiwanyooshee kidole wengine tu. Parokia nyingi zina groto yenye sanamu ya Mama Maria wa Lurdi: nguo nyeupe, mshipi wa bluu. Mfano wake ni sanamu aliyochonga Fabisch, ikawekwa Lurdi mwaka 1864. Bernadeta, aliyetokewa mwaka 1858 akiwa na miaka 14, alihojiwa kabla haijachongwa. Alipoiona alisema ni nzuri, lakini siyo yeye.

Je, tuache kusali groto? Hapana. Kanisa halikumnyamazisha Bernadeta kwa sababu ya uzuri wa sanamu. Sanamu ipo, na ushuhuda wake upo. Sisi tunasali kwa yule anayewakilishwa. Jiwe ni jiwe. Ila tujifunze unyenyekevu: hata fundi mwenye imani anaweza kuchonga alichokiwaza yeye.

4. Na simu yako?

Najua binti mmoja wa kwaya, hapahapa mkoani kwetu. Alipigwa picha harusini akicheza ngoma, ameinama. Kufika jioni picha imezunguka kwenye magrupu, chini yake maneno ya kejeli kuhusu mwili wake. Wote tuliokuwa kwenye magrupu yale tulilijua jina lake, na hakuna aliyeliandika. Miezi miwili hakuja kwaya. Mama yake alisema binti alikuwa anaogopa kupita mbele ya vijana wa bodaboda.

Kadi ya posta ilichukua wiki nyingi kufika Ulaya. Ya kwetu ilichukua dakika. Dhambi ni ileile: kumchukua mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu (Mwanzo 1:27) na kumfanya kitu cha macho. Na Yesu alishasema mambo haya huanzia kwenye jicho na moyo (Mathayo 5:28).

Wavulana, msiseme "mimi nilipokea tu". Uliyepokea ukacheka, umeshiriki. Wasichana nanyi, mara nyingine maneno makali kuhusu picha ya msichana mwenzenu yanatoka kwenu.

Maswali ya kikundi

- Kwenye simu yangu kuna picha ya nani ambayo mwenyewe angeumia akijua ninayo?
- Tukimpiga mtu picha parokiani, tunamuuliza kwanza?
- Picha za bibi zetu zilizopo nyumbani, tunajua majina yao na maisha yao?

Tendo la wiki

Futa picha moja unayojua hustahili kuwa nayo. Kisha keti na bibi au mama, muulize kuhusu picha yake ya zamani: alikuwa wapi, nguo ile aliipataje, alikuwa anawaza nini. Andika jina lake kamili nyuma ya picha.

Sala

Ee Mungu uliyemwona Hajiri jangwani, takasa macho yetu. Utufundishe kuuliza jina kabla ya kutazama, na kulinda heshima ya kila dada yetu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.